Likizo inabisha hodi, maktaba imejaa pomoni

MSOMAJI, ikiwa ulisomea shule ya bweni hapa nchini, bila shaka unaikumbuka wiki ya mwisho kabla ya kufunga. Masanduku ya bati yanatolewa chini ya vitanda, magodoro yanakunjwa na kufungwa kamba, na mbele ya mlango wa maktaba kuna foleni ndefu kama ya kununua unga wakati wa njaa. Kila mwanafunzi amekumbatia vitabu vyake ili avirudishe na kutiwa sahihi kwenye fomu. Aliyepoteza kitabu hakuwa na amani. Alilipa, au mzazi wake aliitwa.

Katika shule niliyosomea mimi, maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye makabati matatu ya mbao, na makabati hayo yalikuwa na kufuli. Ufunguo ulikaa na kiranja, na kiranja alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa wavu, kwa hivyo kila jioni maktaba ilikuwa uwanjani. Tulikuwa na ensaiklopidia nzuri isiyokuwa na juzuu ya herufi S. Hadi leo huwatania wenzangu kwamba ndiyo sababu sijui sayansi.

Hayo yote yalinirudia akilini mwezi wa Disemba 2024, nikiwa mbali kabisa na makabati yale. Nilikuwa nimesimama ndani ya maktaba ya shule moja ya upili katika kitongoji kilicho kaskazini mwa jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, huko Marekani. Likizo yao ya msimu wa baridi ilikuwa imebakiza siku nne tu.

Ningependa kukueleza kilichonipeleka huko, maana si utalii.

Dada yangu mkubwa anaishi katika kitongoji hicho, ambako Wakenya si haba. Wengi wao, kama yeye, wanafanya kazi za kuwatunza wagonjwa na wazee. Mwanawe, ambaye ni mpwa wangu wa miaka 16, alimfuata Agosti mwaka huo. Kabla ya hapo alikuwa amelelewa na nyanya yake Kitale na kusoma hadi kidato cha pili. Nilipofika kuwatembelea, dada hata hakunipa nafasi ya kufungua mizigo.

"Mdogo wangu," alisema, "huyu mtoto haongei. Akitoka shule anaingia chumbani. Nikimwuliza anakula wapi chakula cha mchana, ananiambia maktaba. Wewe umesoma, niambie, maktaba ni mahali pa kula?"

Kisha akaniambia lile lililokuwa likimkosesha usingizi. Kijana alikuwa ameomba arudi Kenya pamoja nami. Tikiti yangu ya kurudi ilikuwa ya tarehe 4 Januari.

Dada hufanya kazi usiku na kulala mchana, na wiki hiyo ilikuwa ameongezewa zamu kwa sababu ya Krismasi. Akaniomba niende shuleni kwa niaba yake nikajionee. Walimu waliniruhusu kukaa maktabani kama mgeni, na nikaenda siku tatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa.

Basi la shule, lile la rangi ya manjano unaloliona kwenye filamu, hupita karibu na nyumba saa moja asubuhi. Na saa moja hiyo, msomaji, ni giza totoro. Huko Minnesota mwezi wa Disemba jua huchomoza saa mbili kasorobo hivi na saa kumi na nusu jioni limekwisha kuzama. Mtoto anaondoka nyumbani usiku na kurudi usiku unakaribia. Mimi nilikuwa nimevaa makoti mawili, kofia, na soksi za sufu za dada, na bado meno yaligongana. Pale kituoni akaja mvulana mmoja amevaa kaptura. Kaptura, kwenye theluji! Nilidhani ana matatizo. Mpwa wangu akaniambia kila shule huko ina wawili watatu wa aina hiyo.

Kuingia shuleni si kazi ndogo. Mlango mkuu umefungwa, unabonyeza kengele, unaulizwa wewe ni nani, unatoa pasipoti, na mwishowe unabandikwa karatasi yenye jina lako kifuani. Shule za Marekani zimepatwa na mikasa ya watu wenye bunduki, na ulinzi huo haukuwekwa kwa mapambo. Nilipita nikiwa na karatasi yangu kama mtoto wa chekechea aliyepelekwa matembezi.

Maktaba yenyewe ni kubwa kuliko bwalo la chakula la shule yangu ya zamani. Upande mmoja wote ni vioo, na ukitazama nje unaona uwanja wa michezo uliofunikwa na theluji hata mistari haionekani. Rafu ni fupi, zinafika kifuani, hivi kwamba mkutubi akisimama mezani kwake anaona kila kona. Hakuna kabati. Hakuna kufuli. Nilizunguka nikitafuta kufuli kama mtu aliyepoteza kitu.

Jambo la pili lililonishangaza ni kelele. Nilipotaka kumwuliza mpwa wangu jambo fulani nilimnong'oneza sikioni, jinsi tulivyofunzwa. Akacheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu nifike.

"Anti," aliniambia, "hapa tunaongea tu."

Kweli waliongea. Kabla ya kengele ya kwanza kulikuwa na wanafunzi kama 60 humo. Wengine walikuwa wakimalizia insha ambazo zilitakiwa kabla ya Ijumaa. Katika shule hiyo mitihani ya muhula huja Januari, lakini walimu huko, kama walimu wa kila mahali, hawapendi kufunga shule bila kumbebesha mtoto mzigo. Wengine walikuwa kwenye foleni ya kompyuta. Kila mwanafunzi hupewa kompyuta ndogo aina ya Chromebook, na kama ujuavyo, kitu cha bure hukanyagwa, huangushwa na kumwagiwa soda. Basi maktaba ndiyo karakana pia. Wavulana wawili wenye bisibisi walikuwa wakibadilisha vioo vilivyopasuka kwa upesi wa mafundi wa simu wa Luthuli Avenue.

Kando ya dirisha palikuwa na meza ya fumbo la picha lenye vipande 1,000. Anayepita hutia kipande kimoja, kisha huendelea na safari yake. Nilitia viwili. Ulikuwa mchezo wa kuchosha macho, hasa ile sehemu ya mbingu, maana vipande vyote ni buluu.

Karibu na mlango kulikuwa na vitabu vilivyofungwa kwa karatasi ya kahawia, usivione jina wala picha. Juu ya kila kimoja mkutubi alikuwa ameandika maneno matatu au manne tu, mathalani, "ndugu wawili, mashua, uongo." Unachukua usichokijua na kukifungulia nyumbani. Wasichana walivipigania vile vitabu. Mimi nilifikiri juu ya wanangu wanavyokataa chakula ambacho hawajakiona.

Vitabu vinavyosomwa zaidi, ukitaka kujua, ni vile vya vibonzo vya Kijapani viitwavyo manga. Husomwa kuanzia nyuma kwenda mbele, kulia kwenda kushoto. Nilidhani vimejaladiwa vibaya, na nikamwambia mkutubi hivyo. Alikuwa na adabu ya kutonicheka.

Mkutubi huyo ni mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Nitamwita Mama Mkutubi. Anawajua wanafunzi wake mmoja mmoja, na si kwa majina pekee. Anajua nani anapenda vitabu vya vita na nani mama yake amelazwa. Na anamjua mpwa wangu kuliko nilivyotazamia.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kijana aliingia humo wiki ya kwanza ya Septemba akauliza kama anaweza kukaa. Alikaa. Siku ya tatu akaanza kurudisha vitabu kwenye rafu bila kuagizwa. Maktaba nyingi hupanga vitabu vya maarifa kwa nambari za Melvil Dewey, Mmarekani aliyeuchapisha mpango huo mwaka 1876, na hadithi hupangwa kwa herufi ya jina la mwandishi. Mpwa wangu alizijua nambari hizo mwezi mmoja. Sasa wanafunzi wenzake humwuliza yeye kitabu kiko wapi, humfuata hadi kwenye rafu, huchukua kitabu, na huondoka. Wengi hawamwulizi jina.

Alinipeleka kwenye rafu ya N. Pale, baada ya Celeste Ng, alikuwapo Ngũgĩ wa Thiong'o. Mpwa wangu alikuwa amemsoma nyumbani kwa nyanya na hakutarajia kumkuta kwenye theluji. Wakati huo mzee alikuwa angali hai, naye pia akiishi Marekani, ambako alifariki Mei 2025. Chinua Achebe alikuwa rafu ya A, nakala kama 30 za kile kitabu chake cha mwaka 1958, maana shule nyingi za Marekani hukifundisha darasani. Kijana alizigusa nakala hizo kama mtu anayewatambulisha jamaa zake kwa mgeni.

Tulikuwa bado tumesimama hapo tukizungumza Kiswahili, ndipo nikasikia nyuma yangu: "Sasa, Anti! Mmetoka Nairobi?"

Alikuwa msichana wa Kisomali aliyevaa hijabu ya kijani. Minnesota ndilo jimbo lenye Wasomali wengi zaidi nchini Marekani, na wengi wao walipitia Kenya, ama kambi za Dadaab na Kakuma, ama mitaa yetu. Huyu alikulia Eastleigh hadi umri wa miaka tisa. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki pale pale alipokiacha, cha mtoto wa darasa la tatu, kilichojaa Sheng ya zamani ambayo hata mimi nimeisahau. Alitaka kujua kama matatu za kwenda Eastleigh bado zina muziki. Nikamwambia zina muziki kuliko breki. Akafurahi hadi machozi yakamlenga, kisha akakimbilia chumba kidogo cha nyuma ambako yeye na wenzake huswali adhuhuri. Mama Mkutubi huwaachia chumba hicho, na saa hizo hakuna anayeingia kuchapisha karatasi.

Sasa nije kwenye chakula cha mchana, maana ndilo swali nililotumwa.

Saa sita mchana kengele ililia na maktaba ikajaa tena. Mpwa wangu alikuja na sinia yake kutoka bwaloni. Tangu mwaka wa masomo wa 2023 na 2024, sheria ya Minnesota inawapa wanafunzi wote kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo. Kanuni ya maktaba inakataza sinia, lakini Mama Mkutubi hujitia haoni. Kijana akapita nyuma ya rafu ya ramani, akaketi sakafuni, akatoa simu. Nikamfuata nikidhani sasa nitaona hao marafiki wabaya ambao dada anawahofia.

Simu ilipokelewa. "Haya, baba, umekula?" ilikuwa sauti ya mama yetu, huko Kitale.

Hapo ndipo nilipopiga hesabu. Saa sita mchana Minnesota ni saa tatu usiku Kenya. Nyanya amekwisha kula, amefunga kuku, ameketi. Kijana akifika nyumbani jioni, Kitale watu wamelala fofofo. Saa ya chakula cha mchana ndiyo saa pekee inayowakutanisha. Kila siku anakula pamoja na nyanya yake, huyu na sinia na yule na kikombe cha chai ya rangi, na kati yao kuna bahari. Mama alipogundua kwamba nipo, akataka kujua kwa nini nimekonda.

Baada ya simu aliniambia mengi. Wenzake wa Kitale walikuwa likizoni tangu mwanzoni mwa Novemba, yeye angali anabeba begi. "Anti, hapa hakuna mtu ananijua," alisema. "Kule hata mwenye kiosk ananijua."

Sikuwa na jibu. Kusema kweli, msomaji, siku hiyo niliporudi nyumbani nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni kumwambia dada amwache arudi. Sikumwambia. Alikuwa anavaa sare yake ya kazi na gari lilikuwa linawashwa lipate moto.

Alhamisi nilizungumza na Mama Mkutubi kwa muda mrefu. Nilimwambia nimefurahi kuona watoto wakiisubiri likizo kwa vifijo. Akavua miwani. Alinieleza kwamba hii ndiyo wiki ngumu kwake mwaka mzima. Wengi wanahesabu siku kwa furaha, ndiyo, lakini wapo wanaozihesabu kwa hofu. Kadiri Ijumaa inavyokaribia, hao huja mapema zaidi na kuondoka wakisukumwa. Mwingine huanzisha ugomvi ili tu apate mtu wa kumsemesha. Nyumbani kwao kuna baridi, au pombe, au hakuna mtu kabisa kwa sababu mama ana kazi mbili. Na chakula kile cha bure cha shule, shule ikifungwa, nacho hufungwa.

Alinifungulia droo ya chini ya meza yake. Nilitarajia mihuri na wino. Ilikuwa imejaa biskuti, karanga, supu za pakiti na soksi mpya. Wiki hiyo alikuwa akizifunga katika mifuko ya karatasi ile ile ya kahawia iliyofunga vitabu, hivi kwamba mtoto akitoka na mfuko, hakuna ajuaye kama amebeba hadithi au chakula.

Kuhusu vitabu, sikiliza ajabu hii. Sisi kabla ya likizo tulirudisha kila kitu. Wao kabla ya likizo hupewa kila kitu. Kwa kawaida mwanafunzi huazima vitabu vitano, lakini wiki hiyo Mama Mkutubi huondoa kikomo. "Chukueni," anawaambia, "vikikaa hapa siku 12 hakuna anayevisoma." Nilimwuliza je, vikipotea? Akasema vingine hupotea. Alisema hivyo jinsi mimi ninavyosema kwamba sukari huisha. Hata maktaba za umma za kaunti hiyo, inayoitwa Hennepin, ziliacha kutoza faini za kuchelewesha vitabu mwaka 2021. Nilimfikiria yule kiranja wetu na ufunguo wake, na makabati matatu yaliyolala Novemba na Disemba yote bila kuguswa na mtu ila mchwa.

Lakini usidhani kwamba huko ni peponi. Katika majimbo mengi ya Marekani wazazi na wanasiasa wamekuwa wakivutana juu ya vitabu gani vikae katika maktaba za shule. Shirika la waandishi la PEN America lilihesabu visa zaidi ya 10,000 vya vitabu kuondolewa shuleni katika mwaka wa masomo wa 2023 na 2024. Minnesota ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuzuia kitabu kuondolewa kwa sababu tu ya mawazo yaliyomo. Mama Mkutubi hakutaka kulizungumzia sana jambo hilo.

Alhamisi hiyo hiyo mchana nilishuhudia jambo dogo. Mvulana mrefu, yule wa kaptura, aliingia akamwita mpwa wangu kwa jina kutoka mlangoni, akalitamka vibaya kabisa. Alitaka amsaidie kutafuta kitabu. Mpwa wangu hakusogea. Akamsahihisha. Yule akarudia. Akamsahihisha tena. Mara ya tatu lilikaa sawa, na wote wawili wakaenda kwenye rafu. Nilijifanya ninatafuta kipande cha mbingu.

Ijumaa, tarehe 20, hakukuwa na masomo ya maana. Walimu na wanafunzi walivaa sweta za Krismasi zenye kengele na kulungu, na kadiri sweta inavyochusha ndivyo inavyosifiwa. Fumbo halikukamilika, tundu kama kiganja lilibaki juu kulia. Vitabu vya karatasi ya kahawia viliisha kabla ya saa nne. Kisha kengele ya mwisho ikalia, na kwa dakika kumi jengo lote lilikuwa kishindo cha miguu.

Maktaba haikumalizika haraka hivyo. Walibaki kama wanane. Msichana wa Eastleigh alikuwa mmoja wao, na mvulana mmoja aliyeendelea kusoma ukurasa ule ule kwa muda mrefu. Mama Mkutubi alizima taa za nyuma, akangoja, akazima za katikati. Kwa kila mmoja alipata neno. Walipotoka, watatu kati yao walikuwa na mifuko.

Mpwa wangu alikuwa wa mwisho. Alisukuma kigari cha vitabu hadi mahali pake, akauliza maktaba itafunguliwa lini, akaambiwa Alhamisi, tarehe 2 Januari, saa moja na robo asubuhi. Kisha akaweka mezani vitabu saba vyake, na mashine ikatoa kijikaratasi kirefu kama risiti ya supamaketi. Akakipachika ndani ya kitabu cha juu na kunipa nimshikie kile kitabu, huku akivaa glavu.

Dada alikuwa akitusubiri nje ndani ya gari, bado amevaa sare ya kazi, macho mekundu. Kijana akaingia nyuma na begi lake. Mimi nilikaa mbele, na gari lilipokuwa likiondoa ukungu kiooni nikasoma kile kijikaratasi. Vitabu vyote saba vilitakiwa kurudishwa tarehe 17 Januari 2025.

"Ni nini hicho?" dada aliniuliza.

Nikakirudisha ndani ya kitabu na kumwambia ni alama tu ya ukurasa.